Shangazi, mechi ikishafika 58 kwa 7, refa afanye nini?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 27, naishi Mtwara mjini. Nina kiduka cha daftari, kalamu na vocha, na mwisho wa wiki nachezesha mpira wa kikapu wa vijana. Si kazi ya kunitajirisha. Tunapewa nauli na soda, siku nyingine soda peke yake. Niliucheza mchezo huu shuleni, lakini kilichonifanya niitamani filimbi ni UMISSETA ya taifa, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ilipoletwa hapa kwetu mwaka 2019. Nilimwona mwanamke akichezesha wavulana waliomzidi kichwa kizima, na hakuna aliyembishia.

Kilichonileta kwako ni mechi moja ya wasichana wa chini ya miaka 16. Timu moja ni ya hapa mjini, ina kocha wake, mazoezi ya kila jioni na viatu vinavyofanana. Nyingine imetoka upande wa Nanyamba, imeundwa mwaka huu huu. Walikuja kwenye Canter pamoja na mwalimu wao na ndoo ya maji ya kunywa. Mmoja alikuwa na raba kubwa kuliko miguu yake, akatoa soksi mfukoni, akazikunja na kuzisokomeza mbele kwenye vidole ili zisimvuke.

Kiwanja chenyewe ni cha saruji, upande wa Shangani, na kipindi hiki cha kusi mchanga unatanda sakafuni hata ufagie vipi. Robo ya kwanza iliisha 19 kwa 0. Wale wageni wakishika mpira tu, wanatembea nao. Nikapiga. Wakivuka katikati, wanaurudisha nyuma. Nikapiga. Mmoja aliudaka, akaanguka, akateleza nao mpaka karibu na mstari. Nikapiga. Jukwaani wakaanza: "Refa, umekula korosho za nani?" Mama mmoja akanipigia kelele, "Dada, wewe huna mtoto!" Ni kweli sina, ila sijui inahusiana nini na kutembea na mpira.

Refa mwenzangu ni mtu mzima, rika la baba yangu. Namwita Mwalimu kwa sababu ndiye aliyenifundisha kuchezesha, na mpaka leo ndiye anayelitaja jina langu mechi kubwa zinapopangwa. Wakati wa mapumziko akanivuta pembeni: "Mwanangu, achia kidogo. Hawa ukiwapigia kila kitu hawarudi tena." Robo ya tatu akaacha kabisa kuwapigia wageni. Hilo ningelivumilia. Lakini akaanza kuwatafutia makosa wa mjini, na ukimwangalia unaona kabisa anatafuta.

Kuna binti wa mjini, namba 9, ambaye kufikia robo ya nne alishakuwa na faulo nne, mbili kati ya hizo za Mwalimu. Mgeni mmoja akarusha, namba 9 akaruka akaugonga mpira juu kwa juu, mkono haukugusana na mkono. Nilikuwa chini ya kikapu, nimeona. Mwalimu alikuwa mbali, karibu na katikati. Akapiga filimbi: faulo, ya tano. Namba 9 akatoka huku ananiangalia mimi, si yeye. Yule mgeni akapewa mitupo miwili na yote haikufika hata kwenye ringi.

Tulimaliza 58 kwa 7. Kocha wa mjini, ambaye alinifundisha mimi pia nilipokuwa shule, aliniambia neno moja tu: "Wewe ulikuwepo." Siku ile kulikuwa na walimu wa michezo wanaotazama nani apelekwe kwenye mchujo wa UMISSETA, na namba 9 alimaliza mechi akiwa amekaa kwenye benchi na taulo kichwani. Waandaaji nao wametuambia tujitahidi mechi ziwe na mvuto, maana matokeo kama yale yanafukuza watu.

Timu hizo zitarudiana, na mimi na Mwalimu tumepangwa pamoja tena. Kikao cha waamuzi ni Alhamisi. Je, Shangazi, mimi ndiye mwenye roho ngumu? Au nimripoti Mwalimu? Nikisema, nimemvunjia heshima mtu aliyenishika mkono. Nikinyamaza, yule mtoto ameonewa mbele yangu. Nifanyeje?

Mwenye Filimbi, Mtwara

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa maneno ya jukwaani. La korosho lilinichekesha kidogo, nisamehe. La kutokuwa na mtoto halikunichekesha. Yule mama alikuwa anamlilia wa kwake na wewe ndiye uliyekuwa karibu, basi liache hapo hapo uwanjani.

Nikiisoma barua yako naona umenifungia mambo mawili kwenye bahasha moja. La kwanza ni la filimbi: watoto wakizidiwa namna ile, refa asimame wapi? La pili ni la Mwalimu wako. Umeyaandika kama jambo moja, yaani wewe ulisimama katikati na yeye akaegemea upande. Inawezekana ndivyo ilivyokuwa. Lakini mimi si refa, kwa hiyo kabla ya kukujibu nimekaa na sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, nikamsumbua na rafiki yangu mmoja aliyewahi kuchezesha. Niliyoyapata yamenifanya nikuulize maswali kadhaa.

La kwanza ni hili. Unaporudia "Nikapiga", ulipiga kila kosa la nani? Sikutuhumu. Rafiki yangu ameniambia kuwa mechi ikishakuwa 40 kwa 2, macho ya refa huhamia yenyewe kwa anayekosea waziwazi. Mtoto anayetembea na mpira anaonekana hata na muuza karanga. Aliyekaa sekunde nne chini ya kikapu bila mpira, au aliyesogeza kiuno kumzibia mwenzake njia, haonekani mpaka umtafute, na kwa kawaida huyo ni wa timu iliyofundishwa vizuri. Sasa ukipiga yote ya wageni kwa kuwa yanajionyesha, na ya wenyeji ukapiga yale tu yaliyokuja mbele yako, kila filimbi yako itakuwa ya haki na bado mizani itakuwa imelala. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa siku ile. Wewe unajua.

Halafu kuna yule aliyeanguka akateleza na mpira. Nimelisoma hilo mara mbili kwa sababu lilinishangaza: kwa sheria za FIBA, mchezaji akianguka na mpira mikononi akateleza nao sakafuni, hajakosea. Kosa linakuja akijibingirisha nao, au akijaribu kuinuka huku bado ameushika. Barua yako inaishia kwenye kuteleza. Kama alijaribu kuinuka, ulikuwa sahihi. Kama ni mchanga wa kusi tu ndio uliomvuta, hilo ni la kulikumbuka siku ya marudiano, maana mchanga utakuwepo.

Nakwambia haya kwa sababu lile neno la Mwalimu, "achia kidogo", halikutoka hewani. Sheria zenyewe zinamtaka refa apime kama mgusano umempa mtu faida au umemnyima mwenzake, asikate mchezo kwa mgusano wa bahati mbaya, atumie busara akizingatia uwezo wa wachezaji walio mbele yake, na aweke uwiano kati ya kuidhibiti mechi na kuiacha itembee. Mtoto ambaye mwaka jana hakuwahi kuushika mpira wa kikapu, akivuta mguu nusu hatua huku hakuna anayemkaba na haendi popote, ni kitu tofauti na aliyevuta mguu huo huo akampita mlinzi na kufunga. Wapo waamuzi wazuri wanaopiga la pili na kuliachia la kwanza kwa watoto wa umri huo. Sharti lao ni moja: wanaliachia kwa pande zote mbili, tangu mpira wa kwanza kurushwa juu. Kosa lililopigwa filimbi matokeo yakiwa 5 kwa 0 linapigwa pia yakiwa 50 kwa 5. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu kipimo kina tabia ya kusogea taratibu bila mwenyewe kujua, na anayezidiwa humsogezea refa moyo.

Sasa tuje upande wa pili, kwa sababu nadhani kuna mahali umeona sawasawa. Kuachia na kutafuta ni vitu viwili. Ukiachia nusu hatua isiyomdhuru mtu, hakuna aliyenyang'anywa kitu. Ukimtafutia mtu kosa, umemnyang'anya, na faulo ya tano haina mlango wa kurudi: ameshatoka.

Na huyo aliyehurumiwa je? Ulimaliza kwa sentensi moja kwamba mitupo yake haikufika kwenye ringi, mimi hapo nilisimama. Kabla ya filimbi ile alikuwa mtoto mmoja kati ya kumi wanaokimbia. Baada yake amesimamishwa peke yake kwenye mstari, wenzake wamejipanga pembeni, jukwaa zima limenyamaza linamtazama, naye hajawahi kufundishwa mtupo huru vizuri. Anarusha, haufiki. Anarudishiwa mpira, anarusha tena, haufiki. Mwalimu wako alitaka kumwonea huruma, sina shaka. Lakini sijui kama huruma ile ilimfikia.

Usimwone kama mtu wa ajabu, hata hivyo. Mwaka 2009 watafiti wawili, Anderson na Pierce, walichapisha matokeo ya kuchunguza mechi 365 za kikapu za vyuo vya Marekani. Waligundua kwamba waamuzi huelekea kuipigia faulo inayofuata timu yenye faulo chache, na pengo la faulo likikua ndivyo mwelekeo huo unavyozidi. Waligundua pia kwamba timu inayoongoza hupigiwa zaidi. Hao ni waamuzi wanaolipwa, kwenye mechi za watu wazima. Mwalimu wako alikuwa na watoto mbele yake, mmoja wao ana raba zilizojazwa soksi. Na wewe mwenyewe uliziona hizo soksi, mpaka umenisimulia jinsi zilivyokunjwa, kwa hiyo la roho ngumu nimeshindwa kuliamini.

Huruma basi iwekwe wapi? Kuna watu wameamua kuiweka kwenye kanuni, kabla ya mechi, ili refa asiibebe mfukoni. Katika majimbo kadhaa ya Marekani, mechi za sekondari zikifikia tofauti ya alama 30, mengine 35 au 40, saa haisimamishwi tena kila filimbi inapopigwa. Inatembea, na mateso yanakuwa mafupi. Ligi nyingine za watoto hukataza timu iliyotangulia sana kubana uwanja mzima. Inarudi nusu yake na kuwaacha wenzao angalau wavuke. Haya waandaaji wenu wanaweza kuyapitisha Alhamisi bila gharama yoyote, na makocha wote wawili wakayasikia kwa wakati mmoja.

Lakini usiyachukue kama dawa isiyo na madhara. Wale watoto walipanda Canter kutoka Nanyamba waje kucheza robo nne za dakika kumi kumi. Saa ikiachiwa itembee, watarudi wamecheza kidogo kuliko walivyosafiri kwa ajili yake. Wengine watashukuru. Wengine watajua kwamba saa imeachiwa kwa sababu yao, na hilo linauma kuliko 58. Na binti wa mjini akiambiwa asikabe mbele, wakati hilo ndilo analojifunza mwaka mzima na wachaguzi wamekaa pale wanatazama, naye ana la kusema. Ningetamani mwalimu wa ile timu ya Nanyamba aulizwe. Ninyi wa mjini mnawapangia huruma, hakuna aliyemuuliza anaitaka ya namna gani. Huenda anataka kikapu kiachwe wazi saa nzima siku moja kabla ili watoto wake wakizoee, basi.

Kuhusu waandaaji na mvuto wao, hapo niruhusu niwe mkali kidogo. Mvuto ni kazi ya ratiba. Anayepanga timu ya mwaka mmoja ikutane na timu ya miaka sita ndiye anayejua alichokipanga. Refa akikubali leo kuongeza mvuto kwa filimbi, kesho ataombwa kitu kingine kwa filimbi hiyo hiyo, na kitaombwa kwa sauti ya upole vilevile.

Kuna jambo dogo unaloweza kulifanya mwenyewe bila kikao. Ukishapiga filimbi ya kutembea, mwonyeshe mtoto kwa mguu wako: huu ndio ulioinuka. Sekunde tatu, mchezo unaendelea. Mtoto aliyepigiwa filimbi kumi bila kuambiwa kitu anaondoka na filimbi kumi. Fanya hivyo kwa wa mjini pia, hata kama hawahitaji, la sivyo kocha wao atasema umekuwa mwalimu wa upande mmoja, na hatakuwa amekosea sana.

Haya, Mwalimu. Umenipa njia mbili tu, kumripoti au kunyamaza. Kumripoti ni haki yako, na ipo siku inaweza kulazimu. Ila jua bei yake. Mtwara si kubwa, neno litafika kwake kabla hujafika nyumbani, na litafika likiwa limeongezwa chumvi. Anaweza kuacha kukutaja. Anaweza pia kuacha kuchezesha kabisa, na watoto wa mkoa huu wakapungukiwa mtu anayekuja kwa nauli na soda. Kunyamaza nako kuna bei, umeshaanza kuilipa, ndiyo maana umeniandikia.

Kuna njia ya katikati, nayo ni kumuuliza. Si mbele ya watu. Nenda kwake mapema, umsalimie unavyomsalimia siku zote, kisha useme: "Mwalimu, lile tukio la namba 9 nililiona nikiwa chini ya kikapu, mikono niliiona safi. Wewe uliona nini ukiwa kule?" Na umuulize kwa kutaka kujua kweli, kwa sababu inawezekana kuna kitu alichokiona. Wewe uliangalia mikono. Mchezaji anaweza kuugonga mpira safi kabisa huku kifua au nyonga yake imeshamgonga mrushaji, na wakati mwingine hilo linaonekana vizuri zaidi ukiwa mbali. Akikwambia hivyo, utakuwa umejifunza. Akikwambia "nilitaka kuwasaidia kidogo", basi amelisema yeye mwenyewe, na hapo mnaweza kupatana kabla ya marudiano: tunaachia nini, hatuachii nini, na kipimo hicho kinabaki hata ikiwa 60. Anaweza pia kukasirika. Wazee wengine ukiwauliza "uliona nini" husikia "umekosea". Mjue mtu wako. Kama ni wa namna hiyo, huenda ni afadhali kipimo kijadiliwe kikaoni kwa waamuzi wote, bila kutaja mechi wala namba.

Namba 9 mwenyewe sikushauri umfuate kumwambia kwamba refa mwenzako alikosea. Utakuwa umemliwaza yeye na kumuuza mwenzako, na faulo haifutiki. Kama walimu wanaochagua wanataka kumwona tena, kocha wake anajua pa kuwapata.

Hapo nafika kwa kocha. Umeandika kwa haraka kwamba alikufundisha wewe pia, katikati ya sentensi, kama mtu anayetaja rangi ya jezi. Mimi limenikaa. Alikwambia "Wewe ulikuwepo", na tangu siku hiyo hulali vizuri. Jiulize, si lazima unijibu: faulo ile ile ingempata yule mwenye raba za soksi, na mwalimu wake wa Nanyamba asingekujua wala kukwambia lolote, barua hii ungeiandika? Inawezekana kabisa ungeiandika. Lakini watu wa jukwaani wanaojua ulisoma wapi hawatakupa nafasi ya kueleza. Kwenye mji wetu karibu kila refa amefundishwa na kocha fulani, tukisema kila mwenye uhusiano akae pembeni, filimbi atapuliza nani? Unaweza kuomba mechi hii apangiwe mwingine, ingawa nafasi hiyo ikichukuliwa na asiyejua kazi, watakaoumia ni watoto. Unaweza kubaki. Ukibaki, lisemee Alhamisi wewe mwenyewe, kwamba yule alikuwa kocha wako, mbele ya Mwalimu na mbele ya waandaaji, kabla ratiba haijabandikwa. Kisha uniandikie walisemaje.

Shangazi yako